IST inatetemeka asubuhi ikiwa ya baridi, ikipata moto inatulia kabisa. Nimebadili vitu vingi, naomba msaada (Tanga)

#1 Raskazone Alfajiri (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Nipo Tanga mjini, Raskazone, na naomba mnisome hadi mwisho maana nimehangaika na hili jambo tangu masika yaanze.

Gari ni Toyota IST, injini ya 2NZ-FE, ile ya cc 1,300, throtoli yake (mlango wa hewa ya injini) ni ya kebo. Linalala nje, hatua chache kutoka baharini. Saa 12 alfajiri nikiliwasha linashika palepale, stata haisumbui. Sekunde tano au sita za mwanzo mzunguko uko 1,300 kama inavyotakiwa, halafu sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inaanguka mpaka 500 na gari zima linaanza kutetemeka. Usukani unacheza mkononi. Linamisi (silinda inaruka bila kuwaka), linataka kuzima, linajikamata, linaanguka tena. Nikikanyaga mafuta kidogo linatulia, nikiachia linarudia. Baada ya dakika mbili tatu yanaisha yenyewe, na kutwa nzima naendesha mpaka Pongwe na kurudi bila kuona dalili yoyote. Taa ya cheki injini haijawahi kuwaka.

Nilichofanya hadi sasa: plagi zote nne mpya, koili moja mpya ya kuwashia plagi (fundi wa kwanza alisema ni ya silinda ya tatu), kusafisha throtoli, kuosha nozeli (zinazopulizia mafuta), chujio jipya la hewa. Nimeshapitisha laki tatu na asubuhi ya leo limetetemeka vilevile. Gereji nimeenda mara nne. Kila nikifika wananiambia "mbona liko sawa?"

Mama yangu anahudhuria kliniki hospitali ya Bombo na huwa nampeleka mapema sana. Wiki iliyopita limezimika naye ndani, katikati ya makutano, lori linakuja. Ndiyo maana naandika. Natanguliza shukrani.

#2 Kijana wa Mikanjuni

Pole mkuu. Hizo plagi umenunua wapi na ni za namna gani? Plagi feki zimejaa madukani, boksi linafanana na la Denso kabisa lakini ukiifungua nchani unaona kazi mbovu. Na uwazi wa plagi kwa injini hiyo ni milimita 1.1. Mafundi wengi wanaziingiza bila kupima, wengine wanazigonga chini kupunguza uwazi kwa mazoea ya pikipiki. Anzia hapo.

#3 Mzee wa Spana

Mwanangu, pole sana na mshukuru Mungu kwa siku ile na mama yako.

Kabla sijakwambia ufungue kitu chochote, nijibu moja: je, kuna fundi hata mmoja aliyewahi kuliona gari lako likiwa la baridi? Kwa ulivyoeleza, nadhani hakuna. Unaliwasha Raskazone, unaliacha lipate moto, unaendesha hadi gereji, unapanga foleni, fundi analigusa saa nne. Saa hiyo ugonjwa umeshalala. Mgonjwa wa homa za usiku ukimpima joto mchana utamrudisha nyumbani mzima.

Gari la namna hii lazima lilale kwa fundi, au fundi aje kwako alfajiri bonati ikiwa haijaguswa. Na "baridi" hapa si baridi ya hewa, maana kwetu Tanga hata Julai asubuhi ni nyuzi ishirini na kitu. Gari la baridi ni gari lililolala zaidi ya saa sita hadi kulanti (kimiminika cha kupoza injini), oili na chuma vyote vimelingana na hewa ya nje.

Sasa uelewe kinachotokea katika zile dakika mbili, maana humo ndimo jibu lako lilimo.

Ukiwasha, kontrolboksi (kompyuta ya injini) inasoma sensa ya joto la kulanti. Ikiona injini ni ya baridi inaongeza mafuta na kupandisha sailensi, kwa sababu petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma cha baridi. Nyingine inabaki matone ukutani mwa njia ya hewa. Wakati huohuo ile sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi bado imelala, inahitaji joto la nyuzi mia tatu hivi ndipo ianze kusema kweli. Kwa hiyo dakika ya kwanza kontrolboksi inapika kwa kukariri, haionji mchuzi. Kosa lolote la hewa au mafuta linaonekana wazi. Sensa ya oksijeni ikiamka, kontrolboksi inaonja, inaona mafuta yamepungua, inaongeza, na gari linatulia. Kosa halijaondoka, limefunikwa tu.

Ndiyo maana dalili yako inanielekeza kwenye mambo machache. La kwanza ni hewa ya wizi, yaani hewa inayoingia baada ya sensa ya kupima hewa, bila kuhesabiwa. Mpira uliopasuka, au gasketi iliyokauka ambayo ikipata moto inavimba na kuziba. La pili ni sensa ya joto inayodanganya. La tatu ni nozeli inayovujisha usiku, lakini hiyo ingekupa harufu ya petroli na stata ndefu, na wewe umesema linashika palepale. La nne ni ile valvu ya sailensi pembeni ya throtoli. Kwenye throtoli ya kebo ndiyo inayopitisha hewa ya ziada gari likiwa la baridi, na masizi yanaikwamisha. Umesafisha throtoli, sawa, ila muulize fundi kama aligusa na valvu hiyo au alifuta mlango tu.

Kesho alfajiri tafuta mtu mwenye mashine ya kupimia, hata zile ndogo za kuunganisha na simu zinatosha. Fanya hivi. Ukifungua swichi, kabla ya kuwasha, soma joto la kulanti na joto la hewa inayoingia. Gari lililolala usiku kucha, namba hizo mbili lazima zikaribiane sana. Kulanti ikisema nyuzi 60 wakati hewa ni 26, umempata mwongo. Kisha washa na uangalie marekebisho ya mafuta (asilimia ya mafuta ambayo kontrolboksi inaongeza au kupunguza), yale ya muda mfupi na ya muda mrefu, dakika ya kwanza hadi ya tano. Andika namba kwenye karatasi. Halafu panda hadi mizunguko 2,500 uone zinakwenda wapi.

Usinunue kitu kingine chochote hadi uniletee hizo namba.

#4 Petroli Safi

Kwa heshima zote mzee wangu, mimi naona ni pampu ya mafuta. Langu lilikuwa hivihivi. Afungue swichi, asubiri sekunde tatu, afunge, arudie mara tatu, halafu awashe. Likitulia basi presha inashuka usiku. Mimi nilibadilisha pampu na yakaisha.

#5 Mzee wa Spana

Kipimo hicho ni kizuri kwa magari ambayo pampu inazunguka ukifungua swichi tu. Toyota nyingi za kipindi hicho pampu yake haizunguki mpaka stata izungushe injini, kwa hiyo unaweza kufungua na kufunga swichi mpaka jua litoke na presha isipande hata kidogo. Kwa injini ya NZ lazima ufunge geji ya presha ya mafuta. Presha iwe kPa 304 hadi 343, na ukizima isishuke chini ya 147 ndani ya dakika tano. Tena pampu iliyochoka humnyima dereva mafuta anapopanda mlima na mzigo, na huyu anasema mchana gari lina nguvu. Siikatai pampu, ila siyo ya kwanza kwenye orodha yangu.

Na kwa kijana wa Mikanjuni, hoja ya plagi feki ni ya kweli na nakuunga mkono. Kwetu hapa pwani ongeza na soketi za koili. Hewa ya chumvi inaingia, pini zinaota kijani, umeme unapita kwa kusitasita hasa asubuhi kukiwa na unyevu. Chomoa soketi uangalie kwa tochi. Chungulia pia visima vya plagi. Ukikuta oili humo, gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu ya injini) imechoka.

#6 Lushoto Dizeli

Naomba kuongeza kwa ndugu zangu wa milimani wenye dizeli, maana watausoma uzi huu wakadhani ni huohuo. Huku Lushoto tuko juu, mita 1,400 hivi, na Juni hadi Agosti asubuhi inauma kweli. Hilux yangu ya 5L ilikuwa inawaka kwa shida, inatetemeka na kutoa moshi mweupe wenye kuwasha macho, baada ya dakika mbili inatulia. Dizeli haina plagi za cheche, ina hita plagi. Mbili kati ya nne zilikuwa zimekufa, kwa hiyo silinda mbili zinawaka na mbili zinatema dizeli mbichi mpaka chuma kipate joto. Zinapimwa kwa mita ya umeme tu: hita nzima ina ukinzani mdogo mno, karibu na omu moja, iliyokufa haisomi kitu. Nilipima mwenyewe uani.

#7 Raskazone Alfajiri

MREJESHO WA KWANZA. Shikamoo mzee wangu. Nimefanya kama ulivyosema, nimeazima mashine kwa rafiki wa Chumbageni na nimeamka saa 11.

Swichi ikiwa wazi kabla ya kuwasha: kulanti 27, hewa 26. Kwa hiyo sensa haidanganyi, au siyo?

Nimewasha. Dakika ya kwanza marekebisho ya muda mfupi yamekaa kwenye sifuri, hayachezi kabisa, na hapo ndipo linatetemeka. Karibu dakika ya pili yakaanza kucheza, yakaruka hadi +24. Nikakanyaga hadi 2,500, yakashuka hadi +7. Nikaachia, yakarudi +21. Baadaye kulanti ilipofika 80 na kitu, sailensi 700, gari limetulia, yakawa +4. Ya muda mrefu yamekaa kwenye +11 muda wote.

Nikasoma na kodi (namba za hitilafu). Taa haijawaka lakini kuna kodi moja inasubiri: P0171.

Soketi za koili nimezichungulia, ya silinda ya nne ina kijani kidogo, nimeisafisha. Visima vya plagi ni vikavu. Mzee, hizo namba zinasema nini?

#8 Mzee wa Spana

Marahaba mwanangu. Umefanya kazi ambayo gereji hawakuifanya mara zote nne.

Kulanti 27 na hewa 26: sensa ni nzima kwenye baridi, na kwa kuwa imepanda hadi 80 gari likipata moto, iache. Sifuri ya dakika ya kwanza ndiyo ile kupika kwa kukariri niliyokwambia.

Sasa +24. Maana yake kontrolboksi imeonja ikakuta hewa ni nyingi kuliko ilivyohesabu, ikaongeza mafuta kwa robo nzima. Petroli inataka sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta, kwa uzito. Wewe ulikuwa mbali sana na hapo. P0171 inasema lilelile kwa lugha ya kodi: mchanganyiko una mafuta kidogo.

Kinachonishawishi zaidi ni 2,500. Tundu la wizi lina ukubwa uleule. Kwenye sailensi injini inavuta hewa kidogo, basi ya wizi inakuwa sehemu kubwa. Ukikanyaga, throtoli inafunguka, hewa halali inakuwa nyingi, ya wizi inapotea ndani yake. Ingekuwa pampu dhaifu au chujio la mafuta limeziba, namba ingepanda kadiri unavyokanyaga. Yako imeshuka. Ndugu yetu wa pampu asinione nabishana, namba zenyewe ndizo zimejibu.

Na kushuka hadi +4 gari likipata moto kunaniambia tundu linajiziba kwa joto. Mpira uliopasuka ungevujisha hata mchana. Nadhani ni gasketi ya manifoldi ya kuingizia hewa (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda). Manifoldi ya injini hiyo ni ya plastiki, na gasketi yake ni mpira uliokaa kwenye mfereji. Ukizeeka unakauka na kulala bapa, gari likipoa unasinyaa na kuacha upenyo, likipata moto unavimba na kuziba. Nimeuona ugonjwa huu kwenye NZ nyingi, IST, Vitz na Probox.

Usiifungue bado. Kesho alfajiri chukua ile chupa ya kupulizia maji, ya kupigia pasi. Washa gari, likianza kutetemeka pulizia ukungu mwembamba wa maji pale manifoldi inapokutana na silinda hedi, silinda moja baada ya nyingine. Maji yanaziba upenyo kwa sekunde moja mbili. Sailensi ikibadilika umepata mahali. Pulizia pia maungio ya mpira mkubwa wa hewa, mpira mdogo wa breki na ule wa kupumulia oili. Kuna wanaotumia dawa ya kusafishia kabureta. Inafanya kazi, lakini inashika moto haraka, na wewe peke yako gizani sikushauri. Usilowanishe koili, na ufunge mikono ya kanzu mbali na mkanda wa feni.

#9 Dada wa Makorora

Shikamoo mzee, habari zenu kaka zangu. Naomba nami nisaidiwe. Nina Vitz, asubuhi inatetemeka kama nusu dakika tu halafu inakuwa sawa, ila yangu inatoa moshi mweupe mwingi wenye harufu kama ya sukari. Na maji ya rejeta nayaongeza kila wiki, sioni yanapovuja. Fundi ameniambia nibadili plagi.

#10 Mzee wa Spana

Marahaba binti yangu. Naomba unisikilize kwa makini, yako siyo ya plagi na usiendelee nayo safari ndefu.

Mvuke mwembamba asubuhi na matone ya maji kwenye bomba la moshi ni kawaida, gari lolote la petroli linatoa. Lakini moshi mwingi, harufu ya utamu, maji yanapungua na hakuna tone chini, na kutetemeka nusu dakika tu: hapo kulanti inapenya usiku kuingia kwenye silinda, kwa kawaida kupitia gasketi ya silinda hedi. Asubuhi silinda hiyo inaanza na maji ndani, inamisi mpaka iyateme yote.

Omba gari lifanyiwe vipimo viwili. Cha kwanza ni presha ya rejeta: wanafunga pampu kwenye mdomo wa rejeta jioni, wanajaza presha, wanaliacha, asubuhi wanatoa plagi na kuchungulia ipi imelowa. Cha pili ni ile dawa ya buluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikiunguruma. Ikigeuka njano, gesi ya moto inaingia kwenye maji. Usifungue mfuniko wa rejeta gari likiwa la moto, utaungua uso. Na kama unaongeza maji ya kisima, acha leo. Visima vingi vya hapa mjini vina chumvi, na chumvi inakula aluminiamu ya hedi kutokea ndani. Tumia kulanti.

Gari likipanda moto barabarani hata mara moja, hedi inaweza kupinda. Ndiyo maana nasema usisubiri mwisho wa mwezi.

#11 Kijana wa Mikanjuni

Mzee mimi nauliza kuhusu oili. Wengi hapa tunaweka nzito, 20W-50, tukiambiwa gari limechoka. Inaweza kuleta kutetemeka asubuhi?

#12 Mzee wa Spana

Inaweza kuchangia. NZ ina VVT-i, na ule mfumo wa kusogeza kemu (shafti inayofungua valvu) unasukumwa na presha ya oili ikipita kwenye valvu ndogo yenye kichujio chembamba. Oili nzito ikiwa ya baridi inakwenda taratibu, na kichujio kikiwa na tope kemu inaweza kukwama mahali pasipo pake, sailensi inaharibika. Kiwanda kimesema 5W-30. Injini inayokula oili itibiwe ugonjwa wake, isifunikwe kwa oili nzito.

#13 Raskazone Alfajiri

MREJESHO WA PILI. Wakuu, imepatikana.

Juzi alfajiri nimepulizia maji kama mzee alivyoelekeza. Silinda ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Nikaanza kukata tamaa. Ya nne, nilipopulizia upande wa chini, sailensi ikaruka kutoka 550 hadi 900 na kutetemeka kukakatika, sekunde mbili hivi, halafu kukarudi. Nikapulizia tena, vilevile. Nilimwita mdogo wangu aje ashuhudie maana sikuamini.

Jioni nikampelekea fundi wa Ngamiani, nikamwachia gari lilale kwake ili asubuhi naye aone kwa macho yake kabla ya kulifungua. Ameona. Manifoldi ikatolewa, na gasketi iliyotoka ni ngumu kama plastiki, pale silinda ya nne imelala bapa kabisa, ukiibonyeza kwa kucha hairudi. Ameweka mpya, akasafisha uso wa hedi, akakaza bolti kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda pembeni. Gasketi yenyewe bei yake haifiki hata nusu ya ile koili niliyonunua bila sababu. Valvu ya sailensi nayo aliitoa akaisafisha, ilikuwa na masizi. Kisha akafuta kodi ili kontrolboksi ianze kujifunza upya.

Leo saa 12 kasoro nimewasha: 1,300, ikashuka polepole kadiri joto linavyopanda, ikakaa 700. Nimesimama pembeni na kikombe cha chai dakika nane nzima nikiisikiliza. Marekebisho ya muda mfupi yanacheza kati ya -2 na +3. Mama amefika Bombo saa moja kasoro robo, hatujazimika popote.

Mzee wangu sina cha kukulipa, Mungu akupe umri mrefu. Ile koili ya zamani nimeirudisha kwenye silinda ya tatu kujaribu, na gari halijabadilika. Ilikuwa nzima tangu mwanzo. Mpya nimeiweka akiba.

#14 Petroli Safi

Hongera mkuu. Mzee, nimekubali, hiyo ya kukanyaga hadi 2,500 sikuijua. Nitalipima na langu.

#15 Dada wa Makorora

Mzee, gari nimelipeleka jana jioni. Wamefunga pampu ya presha limelala, na asubuhi plagi ya silinda ya pili imetoka imelowa kulanti. Hedi inashuka Jumatatu. Fundi amesema watapeleka kupimwa kama imepinda kabla ya kuifunga.

#16 Mzee wa Spana

Afadhali umewahi, binti. Mwambie abadili na bolti za hedi kama zimevutika, na akulete uone hedi juu ya rula ya chuma kabla haijarudi. Simama hapo mwenyewe.

Mwanangu wa Raskazone, baada ya kilomita mia mbili hivi soma tena ile namba ya muda mrefu, saa ileile ya alfajiri, uniletee hapa.

#17 Raskazone Alfajiri

MREJESHO WA TATU. Kilomita 230, nimekwenda Muheza na kurudi mara mbili na Pangani mara moja. Alfajiri ya leo kulanti 26, hewa 26. Ya muda mrefu ni +2. Hakuna kodi.